Fomu Namba 17

Utafiti wangu wa mwaka wa tatu ulikuwa na watu 24 tu, wote wakazi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni makazi ya watu waliokimbia Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Nimekulia humo, ndiyo maana nilidhani kazi itakuwa nyepesi.

Nilitaka kujua kama wanaoimba kwaya wana dalili chache za sonona kuliko wasioimba. Nikapata waimbaji 12 na wasioimba 12. Nilitumia dodoso la PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na kutumiwa katika nchi nyingi. Lina maswali 9, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haiwezi kuzidi 27. Anayefikisha 10 anastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Niliporudi chuoni Lilongwe nilifanya jaribio la t, kwa sababu ndilo nililolizoea. Lilibuniwa na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyelichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student, yaani Mwanafunzi. Alilibuni kwa ajili ya sampuli ndogo. Nikasema, basi hili ni langu kabisa.

Wastani wa waimbaji ulikuwa 7.75, wa wasioimba 9. Thamani ya p ikatoka 0.50. Hakuna kitu. Nilipopitia fomu moja moja nikaiona sababu: fomu namba 17, mwimbaji mwenye alama 24, ilhali waimbaji wengine wote walikuwa na 10 au chini yake. Nikaitoa, nikarudia hesabu. Wastani ukashuka hadi 6.27, na p ikawa 0.03. Moyo ulinidunda. Rafiki yangu aliyekaa kompyuta ya pili akachungulia, akasema, "Achana na huyo mmoja, ndugu yangu. Andika kwamba alikuwa tofauti na wenzake."

Lakini huyo mmoja nilimfahamu. Hakujua kusoma, hivyo nilimsomea maswali moja baada ya jingine. Manane aliyajibu "karibu kila siku". Lile la mwisho, la kuona heri kufa, alilikataa mara mbili, akanitajia watoto wake. Siku ileile, kwa ridhaa yake, nilimsindikiza kwa mhudumu wa afya. Kalamu haikuteleza, na swali alilielewa. Kumtoa kungekuwa sawa na kusema kwamba kwaya huwafariji wote, isipokuwa wale ambao haiwafariji.

Nilimpelekea msimamizi wangu karatasi zote mbili. Hakuniambia nichague ipi. Aliniuliza, "Kabla ya kuziona namba, ulikuwa umeamua nini?" Nikafungua pendekezo langu la utafiti. Nilikuwa nimeandika kwamba data itachambuliwa "kwa kutumia takwimu". Basi. Tukanyamaza wote wawili.

Kisha tukaanza upya, kwa maswali ambayo nilipaswa kujiuliza kabla sijapanda minibasi kwenda Dowa. Je, ni watu walewale waliopimwa mara mbili, au ni makundi mawili ya watu tofauti? Ni makundi mawili. Je, kutoka 0 hadi 1 ni umbali sawa na kutoka 2 hadi 3? Hakuna anayeweza kuapa. Je, sampuli ni ndogo kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuuvuta wastani? Tulikuwa tumekwisha kuona. Majibu hayo yakatupeleka kwenye jaribio la Mann na Whitney la mwaka 1947. Hilo huwapanga watu wote kuanzia alama ndogo hadi kubwa, halafu hutazama nafasi zao. Humo fomu namba 17 inabaki, ikiwa nafasi ya 24. Angekuwa na alama 15 au 27, nafasi yake ingekuwa ileile.

Thamani ya p ikatoka 0.12. Namba ya kati ya waimbaji ilikuwa 6.5, ya wasioimba 9. Ukimlinganisha kila mwimbaji na kila asiyeimba, mwimbaji ana nafuu karibu mara 69 kwa kila 100. Dalili ipo, ushahidi hautoshi. Hata ungetosha, huenda wenye huzuni nzito ndio wasiokwenda kwaya.

Na kwa kuwa hata jaribio hili nililichagua baada ya kuziona namba, niliandika matokeo yote matatu, pamoja na namna nilivyoyapata. Ukurasa huo ndio ulionichukua muda mrefu kuliko kurasa zote.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Dzaleka. Mwalimu wa kwaya akaniuliza, "Mwanangu, hesabu zimesemaje?"

"Zimesema tulikuwa wachache, Baba."

Akacheka. "Sisi? Kambi hii ilikusudiwa watu kama 10,000, leo tumepita 50,000. Rudi na karatasi za kutosha."