Mtaa wa Biashara na Swali la Kitambaa

Kumi la mwisho la Ramadhani linapoingia, Mtaa wa Biashara wa hapa Mombasa huwa hauna pa kuweka mguu. Leso zimening'inizwa milangoni hadi zinagusa vichwa vya wapitao, majora yamesimamishwa ukutani moja baada ya jingine, na kutoka upande wa Marikiti huja harufu ya viungo ikichanganyika na ile ya kitambaa kipya. Ramadhani iliyopita niliingia mtaani humo baada ya Alasiri pamoja na mama watoto na binti yetu mdogo, aliyekuwa akitaka buibui la Idi.

Alilichagua upesi: jeusi, lenye nakshi za rangi ya fedha mikononi. Nilipotajiwa bei nilistaajabu, kwa kuwa haikufika hata ule ujira ambao fundi wetu hutoza kwa kushona peke yake, bila kitambaa. Nikamwuliza mwenye duka, mzee ambaye baba yake aliuza nguo mtaa huu huu kabla yake, imekuwaje vazi zima liwe rahisi kuliko mshono wake.

Akatabasamu. "Sheikh, swali hilo usiulize. Ukiliuliza, hutanunua."

Nikaliuliza tena. Mzee akachomoa uzi mmoja kwenye pindo la buibui, akawasha kibiriti. Uzi uliyeyuka, ukajikunja, ukawa kijitone cheusi kigumu chenye harufu ya plastiki. Kisha akachomoa uzi wa leso ya pamba. Huo ulishika moto mara moja, ukanuka kama karatasi inayoungua, ukabaki jivu laini lililopeperuka kwa pumzi. "Hii imetoka shambani," akasema, "na hiyo imetoka kwenye kisima cha mafuta."

Ndivyo ilivyo. Poliesta hutengenezwa kwa mafuta yachimbwayo ardhini. Hainywi jasho vyema katika joto letu la kaskazi, kila ifuliwapo huachia nyuzi ndogo mno ambazo nyingine huishia baharini, na ikitupwa haiozi kwa umri wa mwanadamu. Mama zetu waliijua hekima ya leso ya pamba bila kufundishwa. Ikiwa mpya hutunzwa sandukuni na kuvaliwa kwa mashuhuri. Ikifubaa hubebewa mtoto. Ikichakaa huwa nepi, kisha tambara la jikoni. Na mwisho wake hurudi ardhini ikaoza, isimwachie kiumbe madhara.

Hata hivyo, pamba nayo isituhadae. Karne ya 19 watu wa pwani hii walivaa kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani. Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na marikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikakileta kitambaa hicho Unguja, kikaenea mwambao wote hadi bara. Kilisifiwa kwa uimara wake. Lakini pamba yake ilichumwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka katika koo za Waislamu wa Afrika Magharibi. Wala pwani yetu yenyewe haikuwa na mikono misafi zama hizo. Nguo ilikuwa twahara, watu wakasali nayo. Na ndani ya nyuzi zake mlikuwa na dhuluma ambayo mnunuzi hakuiona.

Mambo hayo hayakuisha na karne ile. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, liliporomoka jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo ndani yake. Walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake, dada zetu katika dini. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Asubuhi yake wafanyakazi wakaamriwa waingie kazini, nao wakaingia, kwa kuwa mwenye njaa hachagui.

Sisemi, ndugu zangu, kwamba kuvaa poliesta ni haramu, wala kwamba kila nguo rahisi imetokana na dhuluma. Halali na haramu zina hukumu zake, wala si ruhusa kuzitamka kwa dhana. Nasema kwamba Mwenyezi Mungu, katika Surat al-A'raf, ametukumbusha neema ya mavazi yanayotusitiri na kutupamba, kisha akatujulisha kwamba vazi la uchaji ndilo bora. Na katika sura hiyo hiyo akatukataza israfu. Naye Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka, na akatuonya kwamba anayemtumikisha mtu kisha akamnyima ujira wake, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Tumezoea kuuliza kama nguo ina najisi. Ni haki pia kuuliza kama ina jasho lisilolipwa.

Huenda dada mmoja akasema: swali langu mimi, mnunuzi wa buibui moja, litafaa nini? Itazameni Uzbekistan, nchi alikozaliwa Imam al-Bukhari. Kwa miaka mingi serikali yake iliwalazimisha raia, wakiwamo walimu na wauguzi, kwenda mashambani kuchuma pamba. Kampuni nyingi za nguo duniani zikaombwa ziisusie pamba hiyo, nazo zikaisusia. Dola ikabadili mwendo wake, na mwaka 2022 mwito wa kuisusia ukaondolewa. Waliozisukuma kampuni hizo walianza kwa kuuliza.

Hayo nilimweleza binti yangu tukitembea kutoka Mtaa wa Biashara kuelekea Mji wa Kale, naye buibui lile ameliacha dukani, si kwa furaha. Tulifika kwa fundi wetu, barazani penye cherehani yake ya kukanyaga. Akapimwa, wakaafikiana kitambaa cha pamba nyeusi bila nakshi. Nilipotia mkono mfukoni kutoa arubuni, fundi aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini:

"Maalim, samahani. Bado kuna zile kanzu mbili za Idi ya Mfunguo Tatu."

Miezi tisa ilikuwa imepita. Moja ya kanzu hizo ndiyo niliyokuwa nimeivaa. Nilikuwa nimepanda nayo mimbari, na huenda nilipanda nayo siku niliyozungumzia haki ya mfanyakazi. Binti yangu hakusema neno, na kunyamaza kwake kulinitosha. Nilimlipa fundi pale pale, nikamtaka radhi. Akanijibu kwamba alikuwa akiona haya kunidai. Haya yake ni katika imani yake. Lakini kwangu mimi si udhuru.

Nimeyaandika haya kwa sababu ni wepesi kuililia Dhaka na kumsahau fundi wa mtaani. Basi, mama zetu na dada zetu, ninyi ndio wenye kuchagua nguo za nyumba nyingi. Kwanza tulipeni deni la fundi kabla ya kununua nguo mpya. Pili, tuuulize uzi: pamba au poliesta, umetoka wapi, nani kaushona. Pamba hulimwa hapa hapa pwani, Mpeketoni na Witu katika Kaunti ya Lamu. Tukikiulizia kitambaa cha pamba ya nchini, wafanyabiashara watajua kuna wanaokitaka. Tatu, tununue chache zidumuzo, tuzifue kwa upole na kuzitia viraka, Mtume (S.A.W.) alishona nguo yake kwa mkono wake. Na mwenye kipato kidogo asidhikike. Akivuka daraja la Nyali akapata mtumba mzuri wa pamba sokoni Kongowea, hana lawama. Ameipa nguo umri wa pili.

Siku ya Idi binti yangu alilivaa buibui lake lisilo na nakshi. Wenzake walimeremeta kumshinda, naye aliliona hilo, sikuweza kumficha. Lakini kabla hatujatoka kwenda kuswali aliniuliza: "Baba, na hili limeshalipwa?"

Nikamwambia limelipwa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuweze kumjibu hivyo kila atakayetuuliza, hapa na kesho Akhera. Amin.