Sanduku la Mwanga katika Somo la Kutarizi

Utangulizi

Mwalimu wa ushonaji ana tatizo moja ambalo wenzake wa masomo mengine hawalijui sana. Kabla mwanafunzi hajatia sindano katika nguo, sharti mchoro uwe umekwisha kuwekwa juu ya nguo hiyo. Na mchoro ukipotoka, sindano haiwezi kuunyosha, hata mshonaji awe hodari namna gani. Tumeona mara nyingi kwamba wanafunzi wanaoliacha somo hili hawaachi kwa kushindwa na sindano, bali kwa kushindwa na kalamu ya risasi. Huambiwa na wenzao, na wakati mwingine na walimu wao, kwamba hawana mkono, nao husadiki. Hivyo mtu ambaye angeweza kuwa fundi wa kofia na kujipatia riziki kwa kazi hiyo hukatiwa njia kabla hajashona tundu moja.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna tulivyotengeneza sanduku la mwanga la kunakilia michoro kwa gharama ndogo, na namna tulivyolitumia darasani. Jambo la pili ndilo kubwa zaidi, kwa maana chombo cha kunakilia kisipotumiwa kwa utaratibu huzaa wanakili tu.

Mchoro wa kofia

Tulichagua kufundishia kofia ya viua kwa sababu wanafunzi wetu wanaifahamu tangu utotoni. Kofia hii, inayovaliwa katika mwambao wa Afrika Mashariki na visiwa vyake, ina sehemu mbili: duara la juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Nguo nyeupe hulazwa mbili pamoja, na mishono hupita katika nguo zote mbili, ndipo kofia ikapata kusimama. Viua ni yale matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, ambayo yakipangwa hufanya maua, nyota na mistari. Kazi ya namna hii ni ndugu wa mfarishi, kwa kuwa yote mawili ni nguo zilizolazwa na kushikwa kwa mishono inayofuata mchoro. Wenzetu wa Marekani wanaoshona mifarishi hutumia sanduku la mwanga kunakilia michoro yao, nasi hatukuona sababu ya kuliacha chombo hicho kwao peke yao.

Mchoro wa ukanda wataka hesabu. Ua moja hurudiwa mpaka likutane na lile la kwanza. Kichwa kikiwa na mzunguko wa sentimita 56, ua lenye upana wa sentimita 7 litarudi mara 8 kamili. Lakini kichwa kikiwa cha sentimita 58, ua hilo hilo litarudi mara 8 na kubakiza sentimita 2, na penye maungio pataonekana pengo ambalo kila mtu ataliona. Mchoraji hana budi kulipanua kila ua hadi sentimita 7.25. Tena duara la juu hulazimika kuafikiana na ukanda: mzunguko wa sentimita 56 hutaka duara lenye kipenyo cha karibu sentimita 17.8, bila kuhesabu nguo ya kukunjia. Mwalimu wa hisabati ana mengi ya kufundisha katika kofia moja.

Kioo cha dirisha na upungufu wake

Njia ya kunakili iliyozoeleka ni kubandika karatasi ya mchoro juu ya kioo cha dirisha, kuweka nguo juu yake, na kuufuatisha mstari unaoonekana kwa nuru ya nje. Njia hii ni nzuri, wala hatuibezi. Lakini mkono ulioinuliwa huchoka upesi, na nguo iliyosimama wima huteleza. Darasa lenye wanafunzi arobaini na madirisha manne huwa la kugombania zamu. Zaidi ya hayo, shule nyingi za vijijini hazina vioo. Madirisha yake ni ya mbao au ya wavu. Mwanachuo tuliyemfundisha kwa kioo cha dirisha akipangiwa shule ya namna hiyo huiacha njia mlangoni.

Namna ya kutengeneza

Sanduku letu la kwanza lilitengenezwa kwa mabaki ya mbao yaliyopatikana kwa seremala. Urefu wake ni sentimita 50, upana sentimita 40, na kina sentimita 15. Ndani, karibu na ukingo wa juu, tulipigilia vipande vyembamba vya mbao pande zote nne ili kioo kikae juu yake bila kutumbukia. Kioo ni cha dirisha, cha unene wa milimita 4, nacho ndicho kitu pekee kilichotutoa fedha za maana. Kingo zake zilisuguliwa kwa msasa wa maji mpaka zisikate kidole, kisha zikazungushiwa utepe wa gundi. Mwalimu asiruhusu kioo kutumika kabla ya kazi hii kukamilika, wala asiwaache wanafunzi wakiegemeze viwiko katikati yake.

Ndani ya sanduku tulipaka chokaa nyeupe. Wengine hupendelea karatasi ya jaribosi kwa kuwa inang'aa. Lakini jaribosi hurudisha nuru kama kioo cha kujitazamia, na kuacha madoa ya mwanga mkali hapa na giza pale. Chokaa hutawanya nuru pande zote, nayo hufika juu ikiwa sawasawa. Kwa sababu hiyo hiyo, chini ya kioo tulibandika karatasi nyembamba nyeupe. Pasipo karatasi nyembamba ya kufaa, hata karatasi ya kawaida hufaa ikipakwa mafuta ya kupikia kidogo na kufutwa vizuri. Mafuta hujaza nafasi zilizo kati ya nyuzi za karatasi, na nuru ambayo ingetawanyika na kurudi nyuma hupata kupita.

Tulitumia balbu mbili za LED za wati 7 kila moja, zilizofungwa na fundi wa umeme kwenye pande mbili zinazoelekeana. Balbu za zamani zenye uzi wa moto hazifai: sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto, na ndani ya kasha lililofungwa joto hilo laweza kupasua kioo au kuunguza karatasi. Hata kwa balbu za LED tulitoboa matundu ya hewa ubavuni.

Mahali pasipo umeme

Tusingeandika makala haya kama sanduku lingehitaji umeme tu. Tulitengeneza la pili kwa ajili ya shule zisizo na nyaya. Umbo lake ni la kasha lenye kimo na kina cha sentimita 30, lililoachwa wazi upande mmoja. Ndani yake kioo cha kujitazamia huegemezwa kwa mshazari wa nyuzi 45, kikitazama upande ulio wazi. Nuru inayoingia kwa ubavu hukipiga kioo hicho na kupanda juu, kwenye kioo cha kuchorea. Upande wa wazi huelekezwa kwenye anga angavu, kamwe usielekezwe kwenye jua lenyewe, maana jua likirudishwa na kioo huumiza macho. Asiyepata kioo cha kujitazamia atumie ubao uliobandikwa karatasi nyeupe. Nuru itapungua, lakini itatosha kwa bafta.

Jambo moja lililotusaidia kuliko yote halikutugharimu hata senti. Mchoro hauonekani kwa sababu nuru ya chini ni nyingi, bali kwa sababu imeizidi nuru ya juu. Kwa hiyo, badala ya kutafuta balbu kubwa zaidi, punguza nuru inayoangukia nguo. Tulitundika kanga mbili juu ya meza mfano wa kibanda, na michoro iliyokuwa hafifu ikaonekana wazi mara moja.

Nguo nazo hutofautiana. Bafta nyeupe hupitisha nuru vizuri; marekani hupitisha kidogo; kaniki haipitishi kabisa. Kwa nguo nzito au za rangi iliyoiva, toboa mchoro wa karatasi kwa sindano, uulaze juu ya nguo, kisha upitishe unga wa chaki kwa kitambaa. Mchoro na uwekwe kwenye nguo ya juu peke yake kabla haijalazwa juu ya nyingine, kwa kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri na mkono mwepesi. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo.

Hatua nne za kufundisha

Mkufunzi mmoja mwenzetu alitupinga tangu mwanzo. Alisema kwamba mwanafunzi akizoea kufuata mstari wa mwingine hatachora wa kwake maisha. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatukuijibu kwa maneno. Tulipanga hatua nne ambazo kila moja humwondolea mwanafunzi sehemu ya msaada.

Katika hatua ya kwanza mwanafunzi hunakili mchoro mzima, wala hatakiwi zaidi ya hapo. Shabaha ni mkono kuonja mwendo wa mstari mzuri.

Katika hatua ya pili hupewa nusu ya ua. Huinakili, kisha huigeuza karatasi kifudifudi juu ya kioo. Mstari hung'aa kutoka upande wa pili, naye hukamilisha nusu iliyobaki. Hapo hutambua kwa macho yake kile ambacho tungemweleza kwa kutwa nzima, kwamba ua zima lilikuwa nusu tu iliyogeuzwa. Waliosema ukiona vyaelea vimeundwa walikuwa na maana hiyo. Wanafunzi walioambiwa hawana mkono ndio walioshangaa zaidi, kwa kuwa walidhani fundi huchora ua zima kwa kipaji.

Katika hatua ya tatu hupewa michoro miwili na kuilaza mmoja juu ya mwingine: pindo la huu, ua la ule. Huisogeza, huizungusha, huchagua. Kazi hii haifanyiki vema dirishani, ambako karatasi huanguka kila zinapoachiliwa.

Katika hatua ya nne huchora ua lake mwenyewe kwenye karatasi, mara moja tu, na sanduku humsaidia kulirudia kuzunguka ukanda. Sasa chombo kimebaki mtumwa wa hesabu, na mchoro ni wa mwanafunzi.

Mchoro una mwenyewe

Mwanafunzi mmoja alituletea karatasi ya mchoro wa shangazi yake, fundi wa kofia. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hata ikachanika kwenye mikunjo yote, na mahali pengine mistari ilikuwa imefutika. Tuliona kwamba ikitumiwa mwaka mmoja zaidi itakwisha. Lakini mchoro ule ulikuwa riziki ya mtu. Darasa lenye sanduku la mwanga laweza kutoa nakala arobaini kwa siku mbili, na nakala hizo zikifika sokoni zimempokonya mwenye mchoro kazi ya miaka. Tulimtuma mwanafunzi akaombe ruhusa. Shangazi alikubali kwa masharti mawili: kwamba mchoro usishonwe kwa kuuzwa, na kwamba kila atakayeunakili aujue ni wa nani. Tuliandika jina lake pembeni mwa kila nakala, na nakala bora tukamrudishia pamoja na karatasi yake. Tangu hapo hatunakili mchoro wa mtu pasipo ruhusa yake, na tunalihesabu jambo hili kuwa sehemu ya somo.

Mama huyo alikuja baadaye kuitazama michoro ya hatua ya nne. Mingi ilikuwa ya wastani, michache mizuri. Aliushika mmoja ambao sote tulikuwa tumeusifu, akautazama kitambo, akasema, "Wanangu, huu umechorwa na mtu asiyeshona." Viua vilikuwa vimekaribiana mno, uzi wa kimoja usingepata mahali pa kulala bila kukanyaga cha pili. Kioo kilikuwa kimeonyesha kila kitu isipokuwa unene wa uzi. Kwa sababu ya neno lake tuliweka kanuni kwamba hakuna mchoro unaokubaliwa kabla mchoraji hajashona kipande chake cha upana wa vidole vitatu.

Hitimisho

Sanduku hili laweza kuwafaa pia walimu wa jiografia kwa kunakilia ramani, na wa sayansi kwa kuchunguzia mishipa ya majani. Tangu waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, walimu wa Tanzania wamehimizwa kutengeneza zana kwa vitu vilivyo karibu nao, na zana hii si ngumu kwa yeyote mwenye msumeno na nyundo. Tunalopenda kusisitiza ni kwamba zana hupimwa kwa siku mwanafunzi anapoweza kuiacha. Mwalimu atakayejenga sanduku hili na kuishia hatua ya kwanza atakuwa na maonyesho mazuri ya vitambaa mwisho wa mwaka, na darasa lisiloweza kuchora ua. Atakayeendelea hadi ya nne, na kumwalika fundi wa mtaani kuja kuihukumu kazi, atapata maonyesho yenye kasoro nyingi, lakini kila kasoro itakuwa na mwenyewe, naye atajua namna ya kuirekebisha.