Kitabu cha Tatu

Mwaka 1998, nikiwa kidato cha tatu, shule yetu ilipokea boksi la vitabu vya msaada kutoka Marekani. Tulikuwa bwenini juu milimani Usambara, ambako mwezi wa saba ukungu huingia darasani bila hodi. Mwalimu wa maktaba alivipanga vitabu mezani kimoja kimoja: cha biashara ya bima, cha kufuga mbwa, kamusi ya tiba isiyo na jalada, na chini kabisa riwaya mbili nene za mwandishi mmoja, Robert Jordan. Moja iliitwa The Great Hunt, ya pili katika mfululizo wa The Wheel of Time. Nyingine iliitwa The Shadow Rising, ya nne.

Ya kwanza haikuwamo. Ya tatu nayo haikuwamo.

Ndivyo vinavyokuja vitabu vya msaada. Mtu hutoa alichomaliza, au alichokichoka, na hadithi humfikia mpokeaji ikiwa imekatika kiuno. Hatukulalamika. Mimi na mwenzangu wa dabodeka, yeye akilala juu nami chini, tuliomba kuazima zote mbili, tukaanza na ile ya pili kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mapema kuliko nyingine.

Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani. Tulisoma tukiwa na kamusi ya TUKI pembeni, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akisaka maneno. Ilituchukua karibu muhula mzima. Tulimfuata Rand al'Thor, kijana aliyekulia kijijini akichunga kondoo, ambaye amejikuta na nguvu ambayo kila mwanamume aliyezaliwa nayo huishia wazimu. Tulifika naye Falme, mji wa pwani, baragumu likapulizwa, na mashujaa waliokufa enzi na enzi wakarudi kupigana. Tulifunga kitabu usiku, mioyo ikienda mbio. Kesho yake tukafungua cha nne. Katika kurasa za mwanzo tu, Rand yumo ndani ya ngome ya Tear, ngome ambayo hakuna jeshi lililowahi kuiteka, na upanga wa kioo uliokuwa ukilindwa humo sasa ni wake.

Kutoka Falme hadi humo amefikaje?

Mwenzangu alikifunga kitabu taratibu. "Usiendelee," akaniambia. "Cha tatu nitakusimulia mimi."

Alikuwa mtoto wa Pangani, baba yake mvuvi. Usiku ule, taa zilipozimwa saa nne, alishuka kutoka kitandani kwake, akaketi miguuni pangu amejifunika blanketi, akaanza. Alisimulia usiku tisa. Alimpitisha Rand katika nchi kavu pamoja na wachukuzi wa chumvi. Akamkutanisha njiapanda na bibi mmoja muuza vitumbua aliyekataa kulipwa pesa na kutaka alipwe jina. Rand akampa jina lake, na tangu hapo kila aliyemuuliza yeye ni nani alikosa jibu, na kwa hiyo walinzi wa Tear hawakuweza kumwandika kwenye daftari la waingiao. Akaingia mjini ndani ya tenga la samaki, chini ya vibua, katika mashua iliyovizia maji kujaa. Usiku wa tatu bweni zima lilikuwa likisikiliza. Usiku wa tano kiranja, ambaye kazi yake ilikuwa kutunyamazisha, alisogeza godoro lake karibu. Usiku wa tisa Rand alinyoosha mkono kuugusa upanga, mwenzangu akanyamaza hapohapo. Tulipomsukuma aendelee alisema tu, "Hapo alikuwa peke yake. Hakuna aliyeona."

Nilikuwa na daftari la hesabu lenye kurasa tupu zaidi ya ishirini nyuma. Nalikumbuka hata rangi ya jalada lake. Sikuandika hata neno.

Mwaka 2001 nilikuwa Dar es Salaam. Jioni moja nikipita Posta nilimkuta muuza vitabu ametandaza turubai kando ya njia, na katikati ya vitabu vya uhasibu na Biblia nikakiona: The Dragon Reborn, kitabu cha tatu. Nilitoa shilingi elfu moja na mia tano bila kubembeleza bei. Nilikisoma kwa siku tatu, kwenye daladala, kwenye foleni ya maji, na usiku kwa tochi umeme ulipokatika.

Kilikuwa tofauti kabisa na kile cha bwenini. Humo Rand mwenyewe haonekani sana. Tunasafiri zaidi na marafiki zake wanaomfuata, na yeye tunamwona kwa mbali kama mtu anayepita upande wa pili wa mto. Ngome inavamiwa usiku na Aiel, watu wa jangwani, na Mat, rafiki yake wa utotoni, anatoboa ukuta kwa fataki. Lakini niliposoma habari za mji wenyewe nilisimamisha kitabu kifuani. Tear ni mji wa bandari. Vichochoro vyake vimejaa tope na harufu ya samaki, na watu huko huvaa viatu vya ubao ili wasizame matopeni, kama mitalawanda ya bibi zetu. Mtoto wa Pangani alikuwa ameunusa mji huo miaka mitatu kabla, bila kuuona.

Nilimwandikia barua. Nilimweleza yote, la fataki, la jangwani, la samaki. Na mwishoni nikaandika sentensi ambayo ningelipa sana leo kuirudisha: "Sasa ninacho cha kweli." Alijibu baada ya majuma kadhaa, kwa karatasi moja. Alinishukuru kwa habari, akaniuliza hali, na chini akaandika, "Hicho ni kizuri. Kile changu kilikuwa na bibi wa vitumbua." Niliisoma haraka nikaikunja. Sikuona kwamba ananidai kitu.

Miaka ile nilijiona msomaji mwenye subira, na kwa kweli nilikuwa nasubiri foleni mbili. Kuna kusubiri kitabu ambacho bado hakijaandikwa, na kuna kusubiri kitabu kilichoandikwa zamani ambacho bado hakijakufikia. Msomaji wa Marekani alijua foleni ya kwanza tu. Sisi tulianza na ya pili: kusubiri kontena, kusubiri mgeni atakayekuja na sanduku, kusubiri mwanafunzi anayehama nchi auze vyake barabarani. Nilipata cha sita kabla ya cha tano. Cha kwanza, The Eye of the World cha mwaka 1990, nilikipata nikiwa nimeshasoma saba. Lakini nilisogea. Knife of Dreams, cha kumi na moja, kilitoka Oktoba 2005, nami nikakimaliza mwaka uliofuata. Kwa mara ya kwanza maishani nikawa nimefika mbele ya foleni. Jordan alikuwa amesema amebakiza kitabu kimoja. Nilikuwa nakisubiri sawasawa na msomaji wa Chicago, benchi moja, bega kwa bega.

Kumbe mwandishi alikuwa mgonjwa. Mwaka 2006 aliwatangazia wasomaji wake kwamba ana ugonjwa adimu wa moyo, na kwamba anakusudia kuendelea kuandika. Tarehe 16 Septemba 2007 alifariki, akiwa na miaka 58. Niliisoma habari hiyo kwenye intaneti kafe ya jirani na kazini, nikakaa mbele ya kompyuta mpaka muda niliolipia ukaisha. Nilipotoka nje nilimtumia mwenzangu ujumbe wa simu: Jordan kafa, hadithi haijaisha.

Jibu lilirudi kabla sijafika kituoni. "Pole kaka. Basi tumalizie wenyewe, kama zamani."

Nilimjibu kwamba wenyewe watamtafuta mtu.

Na kweli alitafutwa mtu. Jordan alikuwa ameacha maelezo mengi na sehemu alizokwisha kuziandika, pamoja na tukio lenyewe la mwisho. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wa vitabu hivyo, alimchagua Brandon Sanderson. Alikuwa amesoma maneno ya rambirambi ambayo kijana huyo aliyaandika baada ya msiba. Kitabu kimoja kilichobaki kikawa vitatu: The Gathering Storm mwaka 2009, Towers of Midnight mwaka 2010, na A Memory of Light Januari 2013. Nilivisoma vyote. Nililia katika cha mwisho, na sioni haya kusema.

Lakini kadiri miaka inavyokwenda, kinachonirudia zaidi ni huyo aliyekabidhiwa kalamu. Sanderson alizaliwa mwaka 1975, miaka michache tu kabla yetu. Aliukuta mfululizo ule akiwa kijana wa shule, kama sisi, akawa anangoja kila kitabu, kama sisi. Tofauti ni kwamba katika kungoja huko alikuwa akiandika. Alifanya kazi ya mapokezi ya hoteli zamu ya usiku, na wageni wakilala yeye anaandika riwaya, moja baada ya nyingine, nyingi zikikataliwa, hadi Elantris ilipochapishwa mwaka 2005. Mjane alipohitaji mtu wa kumalizia, alimpata msomaji ambaye mkono wake ulikuwa umeshazoea kazi. Sisi nasi tulikuwa na msimulizi bwenini, na hadithi yake iliishia masikioni mwetu.

Leo foleni yangu ya pili imekufa. Kitabu kikitoka New York saa hii, naweza kuwa nacho kwenye simu kabla chai haijapoa. Imebaki foleni ya kwanza, na humo namngoja George R. R. Martin pamoja na dunia nzima. A Game of Thrones ilitoka mwaka 1996. Mpango ulikuwa vitabu vitatu, ukakua hadi saba. Kati ya cha tatu na cha nne ilipita miaka mitano, na kati ya cha nne na cha tano miaka sita. Cha tano kilitoka Julai 2011, na The Winds of Winter tunaingoja hadi leo. Tamthilia ya televisheni ilimpita njiani ikafunga hadithi mwaka 2019 kwa njia yake. Kuna miaka niliyomkasirikia mzee huyo kama mtu aliyenikopa. Sasa simdai tena. Nimejua ugumu wa kumaliza kitu kwa kuyatazama yangu mwenyewe.

Ninachokisikitikia ni namna tunavyongoja sasa. Zamani pengo kati ya vitabu viwili lilikuwa mahali pa watu kukutana. Giza la bwenini, blanketi, sauti ya mtu mmoja na pumzi za arobaini. Sasa kila mtu anangoja peke yake, simu mkononi. Vijana ninaofanya nao kazi huniambia hawaanzi mfululizo ambao haujaisha, wasije wakaumia. Nawaelewa. Lakini huwaambia kwamba mchapishaji hutazama kitabu cha kwanza kimeuzwa vipi ndipo aamue kuhusu cha tatu, na kwamba mwandishi aliyenunuliwa mwishoni tu huenda asiufikie mwisho wenyewe. Na kuna jambo jingine ambalo huwa nashindwa kuwaambia vizuri: anayeogopa pengo hatajua kamwe ni nani kati ya rafiki zake angeweza kulijaza.

Desemba iliyopita nilikwenda Pangani. Mwenzangu sasa ana duka la vifaa vya ujenzi, na binti yake yuko kidato cha pili, msomaji kweli kweli. Jioni, tumekaa barazani, nikamwambia binti kwamba baba yake aliwahi kutunga kitabu kizima kwa mdomo. Akamng'ang'ania. Baba akacheka, kisha akakaa sawa, akaanza. Wachukuzi wa chumvi aliwakumbuka. Bibi wa vitumbua alimkumbuka hadi mikunjo ya kanga yake. Usiku wa tatu ulimtoka vizuri. Wa nne akakwama.

"Kaka, nisaidie," akaniambia.

Nikafungua mdomo kumsaidia, na kilichonitoka kilikuwa fataki, na ukuta, na watu wa jangwani. Nilikuwa nikimsimulia kitabu cha Jordan. Nilijaribu tena, nikitafuta lile tenga, ile mashua, nikakuta vipande tu, na kila nilipovivuta vilikuja vimeshikana na kurasa zilizochapwa. Kile nilichokiita cha kweli kilikuwa kimekifunika kile cha kwetu, kidogo kidogo, kwa miaka zaidi ya ishirini, na mimi ndiye niliyekuwa nikikirudia kukisoma.

Binti alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Sasa alifikaje kwenye upanga?"

Hakuna kati yetu aliyejua.

Vitabu vyote kumi na vinne vimo kwenye simu yangu. Naweza kutafuta neno lolote ndani yake na kulipata kwa kupepesa jicho. Kimoja tu sina, na hakuna kontena litakalokileta.

Asubuhi yake, kabla sijaondoka, mwenzangu alinikuta nikinywa chai akasema ameota sehemu ya usiku wa nne, si yote. Nilimwomba anisubiri. Nikaenda ndani, nikaazima daftari na kalamu kwa binti, nikarudi nikaketi. Alisimulia polepole, akinitazama mkono ili asinitangulie. Haikuwa ile ya mwaka 1998. Kijana wa hadithi alikuwa amechoka zaidi, na aliufikiria zaidi mji alioutoka kuliko ule anaoufuata. Nilijaza kurasa mbili na nusu, basi likapiga honi, nikamwachia binti daftari lake.