Bunduki Zangu za Daftarini

Wapo wanaokusanya stempu, wapo wanaokusanya jezi za mpira. Mimi nakusanya bunduki za zamani za marisau, zile zinazojijaza zenyewe baada ya kila mlio. Msomaji asishtuke. Nakaa Kagarama, hapa Kigali, na sina hata moja. Nchini Rwanda raia hamiliki bunduki bila kibali cha serikali, na mwanafunzi anayehesabu nauli ya basi hana sababu ya kukiomba. Bunduki zangu zimo katika daftari: picha nilizochapisha, michoro ya kalamu, na majina.

Mapenzi haya nimeyarithi kwa babu mzaa baba. Familia yake ilikuwa miongoni mwa Wanyarwanda waliohamishiwa Masisi, Kongo, enzi za Wabelgiji. Huko alipata kazi ya upishi kwa mlowezi mmoja, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili ambacho mimi nakisomea leo. Tajiri wake alikuwa na "kalibri 12", kama wanavyosema Wakongomani, ya kupigia kanga na bata. Kazi ya kuifuta mafuta ilikuwa ya babu. "Ilikuwa na nundu kama fahali," aliniambia, "na shingo imenyooka kama fimbo ya mchungaji."

Kwa maelezo hayo niliitambua: Browning Auto-5. Aliyeibuni ni Mmarekani John Browning. Alishindwa kuelewana na kampuni ya Winchester kuhusu malipo, akavuka bahari hadi kiwanda cha FN kilichopo Herstal, Ubelgiji, ambacho kilianza kuiunda mwanzoni mwa karne ya 20. Browning alifariki humo humo kiwandani mwaka 1926. Tano ni idadi ya risasi: nne ghalani, moja mtutuni. Risasi inapolia, mtutu na kizibo chake hurudi nyuma vikiwa vimeshikana; kisha mtutu hutangulia mbele, ganda tupu hutupwa nje, na kizibo hufuata kikisukuma risasi mpya. Nguvu ile ile inayomwumiza mpigaji begani ndiyo inayofanya kazi hiyo yote.

Ninachokipenda zaidi ni shingo, yaani sehemu nyembamba ya kitako inayoshikwa na mkono wa kufyatulia. Bunduki nyingi za aina hii zina shingo iliyopinda kama mpini wa bastola. Zilizonyooka ni chache, na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzitafuta sana. Mtindo huo ulitoka kwenye bunduki za midomo miwili zenye vifyatulio viwili: mkono uliteleza kutoka cha mbele kwenda cha nyuma. Auto-5 ina kifyatulio kimoja tu. Sababu ilikwisha, umbo likabaki kwa wepesi wake na uzuri wake.

Kama mwanafunzi wa lugha, nakusanya maneno pia. Gobore hushindiliwa baruti mdomoni. Gumegume huwashwa kwa cheche za jiwe. Neno bunduki lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, ambako bunduq ni aina ya kokwa. Sisi kwa Kinyarwanda tunasema imbunda.

Mama hapendi daftari hili. Alikuwa mtoto Kicukiro mwaka 1994. Tarehe 11 Aprili mwaka huo, askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ETO, si mbali na kwetu, na kuwaacha Watutsi zaidi ya 2,000 waliokimbilia kwao. Watu hao walipelekwa Nyanza ya Kicukiro na kuuawa. Kila mwaka, tarehe hiyo, tunatembea njia ile ile kuwakumbuka. Jeshi la Ubelgiji lilitumia bunduki za FN, kiwanda kile kile kilichounda ile ya babu.

"Wewe unaona mbao na chuma," mama aliniambia. "Mimi naona mkono."

Sikumjibu, kwa sababu ana haki. Lakini sikulichana daftari. Kukataa kuitazama bunduki hakumpunguzii mtu hata mmoja maumivu, na kuisifia ufundi bila kutaja iliko kwenda ni kusema nusu ya habari. Kila ukurasa ulikuwa na mistari mitatu: jina, mwaka, kiwanda. Nimeongeza wa nne: mikononi mwa nani.

Kurasa nyingi mstari huo bado ni mtupu. Kwa ile ya Masisi nimeandika majina mawili, la tajiri na la babu. Babu aliifuta kwa miaka sita, akaijua kila skrubu, akaweza kuieleza hadi uzeeni kana kwamba imelala mapajani mwake. Hakuruhusiwa kuifyatua hata mara moja.