Droni yako na mvua za Mombasa

Zamani familia iliyoteremka pwani likizoni ilibeba kamera ya filamu na mikanda miwili mitatu ya akiba. Siku hizi, katika mizigo ya jamaa wengi watokao bara, huenda pia ukakikuta kile kidege kisicho na rubani ambacho vijana hukiita droni. Si ajabu, kwani kisiwa cha Mombasa kinapendeza mno kikitazamwa kutoka juu: kuta za Fort Jesus, mapaa ya Mji wa Kale yaliyobanana, mkono wa bahari unaopinda kuelekea Tudor, na meli kubwa zilizotia nanga Kilindini.

Lakini kisiwa ni kisiwa, msomaji mpenzi. Kimezungukwa na maji kila upande, na hewa yake ina chumvi mchana na usiku. Kidege kilichoruka salama Nakuru au Machakos mwaka mzima kinaweza kufa Mombasa kwa siku tatu, tena bila ya kudondokewa na tone la mvua. Na kwa kuwa kimenunuliwa kwa maelfu ya shilingi, yafaa ujue adui zake kabla hujakitoa kwenye sanduku.

Kwanza, ijue kalenda ya huku. Masika huanza mwishoni mwa Machi ama Aprili, hufikia kilele mwezi wa Mei na kuendelea hadi Juni. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi mapema Desemba, na kuna miaka ambapo huja kwa kishindo, kama ilivyokuwa Novemba 2023 wakati mvua za El Niño zilipofurika katika barabara za Mombasa. Ukiilinganisha kalenda hiyo na ile ya shule, utaona jambo la kukufanya utabasamu: likizo ya Aprili huangukia masika, likizo ya Agosti haina mvua nyingi lakini upepo wa kusi unavuma kwa nguvu, na likizo ya mwisho wa mwaka huanza vuli ikiwa haijesha. Nafuu kubwa hupatikana Januari na Februari, wakati wa kaskazi, na wakati huo watoto wamesharudi darasani!

Somo la bandari ya kale

Sasa twende Mji wa Kale. Ukiiacha Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 na ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, ifuate Ndia Kuu mpaka uteremkie bandari ya kale. Njiani inua macho. Tazama nondo za madirisha zilivyoliwa na kutu, na mabati yaliyogeuka rangi ya udongo. Hiyo ni kazi ya chumvi. Ikiwa inaweza kutafuna nondo nene kama kidole, itazifanya nini nyaya za shaba zilizo nyembamba kama unywele ndani ya mota ya droni?

Hapa bandarini ndipo majahazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi yalipokuwa yakiingia kwa pepo za kaskazi na kurudi kwao kwa kusi. Mabaharia wale walikuwa na vyombo vya mbao, lakini elimu yao ya kuzuia maji ilikuwa kubwa. Nyufa baina ya mbao zilikalafatiwa, yaani zilishindiliwa pamba iliyotiwa mafuta. Sehemu ya chini, ile inayozama, ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake humfanya mgeni akimbie. Na kazi hiyo haikuwa ya mara moja, bali ilirudiwa msimu hata msimu.

Zaidi ya hayo, kusi kali ilipofika katikati ya mwaka, nahodha mwenye akili hakutweka tanga. Alikipandisha chombo pwani, akakitengeneza, akangoja. Hilo ndilo somo la kwanza na la mwisho kwa mwenye droni. Kinga ya kupaka ipo na inasaidia, lakini haichukui nafasi ya kujua siku ya kutoruka.

Droni hukalafatiwa vipi?

Droni nyingi za kawaida, kama zile za DJI za mfululizo wa Mini zenye uzito wa gramu 249 hivi, hazikutengenezwa kwa ajili ya mvua. Vitabu vyake vya maelezo hukataza wazi kuzirusha katika mvua na ukungu. Mota zake ziko wazi ili zipate hewa ya kuzipoza, na mwili wake una matundu. Maji yapitapo hapo hukutana na umeme, na kinachofuata unakijua.

Ukitaka kujua chombo kinastahimili nini, tafuta alama ya herufi IP ikifuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na ya pili ni ya maji. Nne maana yake kinavumilia maji yanayorushwa kutoka pande zote; tano, kinavumilia maji ya mpira; saba, kinaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. DJI Matrice 300 RTK iliyotoka mwaka 2020 ina IP45, na Matrice 30 ya mwaka 2022 ina IP55. Hizo ni droni za kazi, kama vile uokoaji na ukaguzi wa nyaya za umeme, wala bei yake si ya mfuko wa mzazi wa kawaida. Usisahau pia kwamba vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, si kwa maji ya bahari.

Huenda umesikia habari za ndege za Zipline zinazopeleka damu hospitalini nchini Rwanda tangu mwaka 2016, mvua inyeshe isinyeshe. Ni kweli, lakini zile ziliundwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo, na kila irudipo ndege moja kuna fundi wa kuikagua. Usizilinganishe na kidege chako cha likizo.

Wako wanaozipaka bodi za saketi aina ya vanishi ya silikoni au akriliki. Ndiyo deheni ya kisasa. Inafaa, lakini ina masharti. Usipake mahali pa kuunganishia nyaya, kwa sababu umeme hautapita. Usipake kamera. Na usikizibe kile kitundu cha kihisio kinachopima mgandamizo wa hewa, maana kidege hakitajua tena kiko juu kiasi gani. Isitoshe, ukishafungua skrubu, dhamana ya kiwanda huenda ikaondoka nayo. Wengine hukivisha kidege koti la plastiki. Koti likiziba matundu ya hewa katika joto la Mombasa, kitanusurika na mvua kife kwa joto.

Upepo, mawimbi na kiyoyozi

Ukitoka Mji wa Kale, nenda Mama Ngina, kule kwenye mibuyu na miamba inayotazama bahari kuu. Wakati wa kusi, mawimbi hupiga miamba na kurusha manyunyu ya chumvi hewani hata jua likiwaka. Usisimame ukingoni kabisa, rudi nyuma. Tandika mkeka wa kurukia na kutulia, ili mchanga usiingie ndani ya mota.

Kidege kidogo hustahimili upepo wa kiasi cha mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Lakini upepo unaouhisi usoni si ule ulioko mita 60 juu. Ule wa juu ni mkali zaidi. Kwa hivyo anza kwa kwenda dhidi ya upepo, ili wakati wa kurudi, betri ikiwa imepungua, upepo uwe rafiki. Anayefanya kinyume hukiona kidege kikipigana na hewa hadi kinaishiwa nguvu juu ya maji. Na juu ya bahari usikishushe mno, kwani vihisio vya tumboni huchanganywa na mawimbi yanayocheza.

Mvua ikikukuta kidege kiko angani, usingoje uone kama itapita. Kishushe na ukitue mahali salama palipo karibu, ukizime, utoe betri, ukipanguse kwa kitambaa kikavu. Mvua za pwani nyingi huja kwa rasharasha na kuondoka. Kaa barazani na wenyeji, unywe kahawa tungu, na kabla hujamaliza vikombe viwili huenda mbingu imesafika. Ukisikia radi, yafunge ya siku hiyo.

Kuna adui mwingine asiyetajwa: kiyoyozi cha hotelini. Kitu kilicholala kwenye ubaridi kikitolewa ghafla katika joto la nje, mvuke wa hewa hugeuka maji juu yake, ndani na nje. Kiache kidege ndani ya sanduku lililofungwa kwa nusu saa kipate joto polepole. Ndani ya sanduku weka vile vifuko vidogo vinavyofyonza unyevu, ambavyo huja na viatu vipya na watu huvitupa.

Kila jioni pangusa mwili, mapanga na sehemu za betri kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo tu, kisha kikavu. Zungusha kila mota kwa kidole. Ikikwaruza, kesho hakiruki.

Na kikianguka baharini? Ukikipata, usijaribu kukiwasha hata kidogo. Toa betri mara moja kama ingali nzima, uiweke nje mbali na vitu vinavyoshika moto, wala usiichaji tena, maana betri ya lithiamu iliyoingia chumvi inaweza kuwaka baada ya saa nyingi. Kisuuze kidege kwa maji baridi ili kuondoa chumvi, ukikaushe kwa siku kadhaa, kisha ukipeleke kwa fundi. Habari ya kukifukia ndani ya mchele haina msaada. Mchele upikie wali wa nazi.

Bisha hodi kwanza

Hata siku ikiwa shwari, kuna ruhusa za kutafutwa. Kanuni za mwaka 2020 zinataka kila droni iandikishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na mwenye kuirusha awe na kibali. Mombasa ni mahali pa kutahadhari zaidi. Uwanja wa ndege wa Moi uko umbali wa takriban kilomita 10 kutoka Fort Jesus, na magharibi ya kisiwa iko karibu zaidi. Kuna kambi ya wanamaji Mtongwe, kuna bandari ya Kilindini, na Ikulu iko karibu na hapo hapo Mama Ngina. Fort Jesus nayo iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, omba idhini. Usipopata ruhusa, kiache sandukuni, upande ngomeni kwa miguu na kupiga picha kwa mkono.

Katika vichochoro vya Mji wa Kale kuna nyaya, roshani na watoto wanaocheza. Kidege kilicholowa kikizimika juu yao, hakichagui pa kuangukia. Tena kuna nyua na madari ambako akina mama wamejisitiri majumbani mwao. Huku mtu habishi mlango bila ya kusema hodi, na macho yaliyoko angani nayo yana adabu yake.

Basi, panga safari yako, na watoto waandikie orodha: kitambaa kikavu, mkeka, vifuko vya unyevu, kibali. Kisha kila asubuhi, kabla ya chai na mahamri, mtoke nje mtazame mawingu na matawi ya minazi. Yakiinama sana, kidege kilale. Mombasa haiondoki, na yaliyopigwa na mawimbi kwa zaidi ya miaka 400 yatakungoja hadi kesho.