Eneo Tupu

Kwetu Makete, ardhi inapotajwa, kuna neno ambalo halikosekani: tupu. Hapa pana viazi, pale pana ngano, kule pana pareto, ng'ambo ile pana mipaina. Halafu kuna eneo tupu. Eneo tupu ni mteremko wa nyasi ambao hakuna aliyewahi kuulima. Ng'ombe wawili watatu hupita hapo, watoto hukata nyasi za kuezekea banda, moto hupita karibu kila kiangazi, na mvua zikirudi panakuwa kijani tena. Tunapaita tupu kwa sababu hakuna anayepata hela kutoka hapo.

Familia yetu ina eneo tupu la namna hiyo Tandala, kama ekari moja, linaloshuka kutoka nyuma ya nyumba ya Bibi hadi kwenye kijito. Nimetumia miaka mitatu kuotesha mbegu za ua moja linaloota hapo lenyewe, bila kuombwa na mtu. Watu wa nyumbani wameniuliza sababu mara nyingi, na kila mara nimejibu nusu. Hili ndilo jibu zima.

Ua lenyewe wengi mmeliona, hata kama hamkulijua. Shina lake hunyooka hadi kunifika kiunoni. Juu kabisa hubeba rundo la vitumba virefu vyembamba, vyekundu kama kaa la moto, vilivyoinamia chini. Vitumba vya chini hufunguka kwanza na kugeuka njano, kisha vya juu yake, kwa hiyo kwa siku nyingi ua moja huwa na rangi mbili, njano ikipanda na nyekundu ikipungua. Wataalamu wa mimea huliita Kniphofia, kwa kumkumbuka Johann Hieronymus Kniphof, daktari na mwanabotania wa Erfurt, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1763. Waingereza walilifananisha na chuma cha kuchochea moto. Mimi naliita kijinga, maana ndicho ninachokiona: kijinga cha moto kilichochomekwa kwenye majani.

Jamii hii ina aina zipatazo 70, na asili ya zote ni Afrika, Madagaska na Yemen. Ulaya na Marekani watu hununua mbegu zake kwa pakiti na kupanda mbele ya nyumba zao. Kwetu ni nyasi.

Si kwamba hatujui thamani ya maua. Uwanda wa Kitulo, ambao sehemu yake kubwa imo wilayani kwetu, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Una aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi, na kabla ya ulinzi kuimarishwa viazi vya okidi hizo vilichimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, ambako husagwa pamoja na karanga kutengeneza chikanda. Vijinga pia vipo Kitulo. Lakini hifadhi ina mpaka, na nyasi za nyanda za juu hazikuishia mpakani. Zilishuka hadi kwetu, na za kwetu hazina askari wa kuzilinda.

Desemba ya miaka mitatu iliyopita, ndugu walirudi nyumbani kama ilivyo desturi yetu Wakinga: walio na maduka Makambako, Mbeya na Dar es Salaam hufunga kwa siku chache na kuja kula sikukuu na wazee. Siku ya pili baada ya Krismasi, Baba mdogo aliitisha kikao. Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Lile eneo tupu lipandwe mipaina. Miti haiombi mbolea wala palizi kila msimu, na wajukuu wadogo watakapofika chuo, ada itakuwa imesimama mlimani ikiwasubiri.

"Ardhi imekaa tupu tangu babu yenu yuko hai," alisema. "Tunaringia nini?"

Sikuwa na jibu la kumpinga, na hadi leo sina jibu kamili. Bibi alitulea na kutusomesha kwa viazi na pareto. Najua maana ya ada. Mbao za nyanda za juu zimejenga nyumba nyingi, na anayemwambia mkulima asipande miti inafaa kwanza amwoneshe pesa nyingine. Kikao kikakubali. Mipaina ingepandwa fedha za miche zikipatikana. Nikajiambia: basi walau nichukue mbegu.

Mei, mvua zilipokuwa zinaishia, nilishuka mteremkoni na bahasha za karatasi. Ua la kijinga likishanyauka huacha vitunda vidogo vya mviringo. Vikikauka hupasuka, na ndani yake kuna mbegu nyeusi zenye pembe, nyepesi kiasi kwamba ukipiga chafya umezipoteza. Nilichukua kwenye mashina machache na kuacha mengi. Niliziweka mahali pakavu miezi yote ya baridi, wakati umande unapoganda juu ya nyasi asubuhi na Bibi hatoki jikoni hadi jua lichomoze.

Mwishoni mwa Oktoba nilichanganya udongo na mchanga na samadi iliyooza, nikajaza viriba 60, nikaweka mbegu juu na kuzifunika kwa udongo mwembamba sana. Nilijenga kichanja cha kuzuia jua kali na mvua ya mawe. Bibi alikuja na fimbo yake, akasimama kutazama.

"Mjukuu wangu, unapanda nini?"

"Lile ua la bondeni, Bibi. Lile jekundu."

Alinyamaza kidogo. "Unapanda nyasi kwenye viriba," alisema, akarudi zake jikoni kuwaeleza wengine. Nilisikia kicheko.

Mwezi mzima hapakuwa na kitu. Kisha vikatokeza vijani vya kijani, vyembamba kama uzi, ambavyo hata mimi niliyevipanda nisingeweza kuvitofautisha na majani ya kawaida. Binamu yangu wa miaka tisa, kwa moyo mwema kabisa, alipalilia viriba tisa kabla sijamzuia. Nilibaki na miche 23. Kufikia Aprili ilikuwa imefika urefu wa kidole. Mwaka wa kwanza uliisha bila ua hata moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa mmea wa kudumu ni kitu gani. Mahindi yana haraka: yanaota, yanazaa, yanakufa, na maisha yao yote unayaona. Mmea wa nyasi za juu unaishi chini. Mwaka wa kwanza hujenga mizizi na kishina kinene kilichojificha udongoni, na majani unayoyaona ni vibarua tu wanaopeleka chakula chini. Baridi ya Juni iliunguza ncha za miche yangu yote. Nilidhani imekufa. Mvua za Novemba zilipoanza, katikati ya kila shina lililounguzwa jani jipya lilichomoza. Ndiyo maana moto wa kiangazi hauviui vijinga, wala jalidi, wala mdomo wa ng'ombe. Vyote hivyo hufika juu tu.

Kinachoviua ni viwili: jembe na kivuli. Jembe hufika pale uhai ulipo. Na mipaina ikishafunga matawi yake, jua halifiki chini tena, na mmea uliojijenga kuvumilia moto hufa polepole gizani.

Mwaka wa pili ulipita, majani yakapanuka, hakuna ua. Baba mdogo alipiga simu kusema hela ya miche imekwenda kwenye matibabu ya Bibi, kwa hiyo mipaina isubiri. Nilimwombea Bibi, na sitaficha kwamba nilishukuru pia kwa ajili ya mteremko. Jioni moja nilikaa huko nikafanya hesabu. Kama shina moja, kwa kumwagiliwa na kulindwa, linahitaji misimu mitatu kutoa ua, basi mteremko wenye mamia ya mashina, mengine yakiwa vichaka vipana kuliko sufuria ya ugali wa msibani, una umri gani? Na hicho ni kijinga peke yake. Kati yake kulikuwa na maua ya bluu, ya njano na ya zambarau ambayo sikuyajua majina. Palepale tulipopaita patupu palikuwa mahali pa zamani kuliko nyumba yetu, na labda kuliko kijiji.

Marekani walifika kwenye hesabu hii wakiwa wamechelewa. Uwanda wao wa nyasi ndefu ulilimwa hadi ikabaki chini ya asilimia 4. Huko Madison, Wisconsin, chuo kikuu kilianza katika miaka ya 1930 kuurudisha uwanda wa asili kwenye ardhi iliyokuwa shamba, mbegu kwa mbegu. Mahali hapo panaitwa Curtis Prairie, na takriban miaka 90 baadaye watu bado wanang'oa magugu na kupachoma moto kwa utaratibu. Kulima kulichukua siku chache tu.

Msimu wa tatu, miche yangu minne ilitoa shina. Asubuhi ya kwanza ambayo vitumba vya chini viligeuka njano, chozi dume wa kijani king'aavu, mwenye mkia mrefu, alitua juu ya ua, akainama na kuingiza mdomo wake uliopinda katika kitumba kimoja baada ya kingine. Alipoondoka, paji lake lilikuwa na vumbi la njano. Baadaye jua lilipopata nguvu walikuja nyuki. Bibi ana mizinga mitatu nyuma ya nyumba. Alikuja tena na fimbo yake, safari hii akaketi.

"Hawa ni wa kwangu," alisema, kama mtu aliyekuta ng'ombe wake kwa jirani. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake: kwamba asali ya siku hizi ni kidogo, na kwamba zamani kabla ya kurina mtu alitazama kwanza mteremko.

Nilifikiri sana kuhusu pareto yake iliyokuwa inakauka kwenye mkeka hatua chache kutoka pale. Pareto pia ni ua la kudumu, lililoletwa kutoka pwani ya Dalmatia, na tunalilima kwa sababu lina sumu ya kuua wadudu. Ua moja la kuua wadudu lilitusomesha. Lingine la kuwalisha hatukulipa hata jina. Simlaumu Bibi wala pareto. Nasema tu kwamba hesabu yetu ilikuwa na upande mmoja.

Desemba iliyopita hela ilikuwa imepatikana, na kikao kikaitishwa tena. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Sikuzungumza juu ya uzuri. Baba mdogo amepanda maparachichi karibu na Njombe, na nilianzia hapo.

"Shikamoo, Baba mdogo. Naomba niulize. Ua la parachichi linafunguka mara ngapi?"

"Marahaba. Mara mbili," alisema. Alijua vizuri kuliko mimi. Mara ya kwanza hufunguka likiwa jike, likafunga, kisha likafunguka tena likiwa dume. Chavua lazima ibebwe kutoka ua moja hadi lingine, na mbebaji mkubwa ni nyuki.

"Na maparachichi yakimaliza kuchanua, nyuki wanakula nini hadi msimu mwingine?"

Alitazama dirishani. Nikaendelea. Mipaina huzalishana kwa upepo, haina nekta. Mwaka 2016, jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, lilieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wachavushaji, angalau kwa kiasi fulani. Maparachichi yamo, na maepo yetu ya Makete yamo. Na kulikuwa na jambo la mwisho: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kijito. Eneo letu linashuka hadi majini.

Kikao kilikuwa kirefu. Binamu mmoja alisema nyuki hawalipi ada. Bibi, ambaye kwa kawaida huacha vijana wazungumze, alisema mizinga iko upande wa chini na hataki kuihamisha uzeeni. Hapo ndipo tulipofika: juu mipaina, chini nyasi, kamba ipimwe kutoka ukingo wa kijito.

Januari tulipima, Baba mdogo akishika mwisho mmoja wa kamba. Sehemu ya juu ilikuwa na vijinga vingi kuliko nilivyoweza kuhamisha. Nilichimba mashina 14 makubwa kabla ya vibarua kuanza, na kila moja lilitoka na bonge la udongo lenye uzito wa mtoto. Mengine yalikatwa na majembe. Nilikuwepo nikitazama, na jioni niliwapikia vibarua chai, kwa sababu walikuwa wanafanya kazi tuliyowapa.

Miche yangu sasa iko chini ya alama ya kamba, pamoja na mashina yaliyohamishwa. Tisa kati ya yale 14 yametoa majani mapya. Mipaina ya juu bado ni mifupi kuliko nyasi, na kwa miaka michache jua litawafikia wote. Mei nilikusanya mbegu tena na kuzigawa katika bahasha tatu. Moja ni ya kitalu changu. Moja nimempa binamu yangu, yule mpaliliaji, ambaye sasa ana miaka kumi na moja na anajua jani la kijinga kuliko mimi. Ya tatu ilikwenda kwa basi hadi Makambako, kwa Baba mdogo, aliyesema kwa simu kwamba anataka kuzijaribu kwenye mpaka wa shamba lake la maparachichi. Aliniuliza ni baada ya muda gani ataona ua.

"Miaka mitatu, Baba mdogo."

"Yaani mtu anasubiri miaka mitatu!" alisema. Kisha akauliza zifunikwe kwa udongo kiasi gani.