Makala Yaliyorudi

Mtunzi wa mashairi huzoea mapema kurudishiwa kazi. Akighani beti zake barazani, wenzake humwambia papo hapo: mshororo huu umepungua mizani, kina hiki kimelazimishwa. Shairi lenye kasoro hizo huitwa guni, na hakuna malenga anayeacha utunzi kwa kuambiwa hivyo. Lakini msomi, jarida likikataa makala yake, huona amekataliwa yeye, pamoja na shahada zake zote.

Nami yamenifika. Makala yangu kuhusu nyimbo za harusi, nilizozirekodi kwa mabibi wawili wa Pangani, yalikaa kwa mhariri miezi minane, kisha likaja jibu la heshima na fupi: hayatachapishwa. Mkataba wangu wa kufundisha ulikuwa ukingoni, na chuoni makala huhesabiwa. Lililoniuma zaidi ni wale mabibi, ambao kila nikipita huuliza, “Mjukuu wetu, nyimbo zetu zimeshatoka?”

Wenzangu walinifariji kwa visa vya washindi. Makala ya George Akerlof, mchumi wa Marekani, kuhusu soko la magari yaliyotumika yalikataliwa na majarida matatu kabla ya kuchapishwa mwaka 1970. Mwaka 2001 akawa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi. Kisa ni cha kweli, ila hakikunifaa. Kufaulu kwake hakuthibitishi kwamba kila kinachokataliwa ni lulu.

Kilichonifaa ni adabu ya barazani. Hasira ilipopoa, nilizisoma ripoti za wapitiaji kama malenga asomavyo jibu la mwenzake, nikijiuliza juu ya kila hoja: hili ni la mizani, au ni la mkondo?

Mpitiaji wa kwanza alitaka nyimbo hizo zilinganishwe na za vijiji jirani. Hilo ni la mizani: linapimika, na linatendeka. Nilirudi uwandani, nikarekodi nyingine. Wa pili alisema nyimbo zisizo na vina wala urari wa mizani si ushairi. Hilo ni la mkondo. *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, wanamapokeo waliyapinga mashairi yake huru kwa hoja kama hiyo. Leo historia ya ushairi wetu haisimuliki bila diwani ile. Tofauti ya mkondo haiondolewi kwa kupachika vina. Hujibiwa kwa hoja, na baraza likikataa kusikiliza, mtunzi hutafuta baraza jingine.

Basi nimeongeza kurasa mbili za kumjibu, nikayapeleka makala kwa jarida jingine. Huenda yakarudi tena, na yakirudi nitaanza upya kutenga mizani na mkondo.

Mabibi nimewaambia ukweli, kwamba bado. Mkubwa wao alicheka. “Wimbo mmoja,” alisema, “hauchezwi harusi zote.”